Aliyefuta

Walinipa ufunguo ndani ya ghala la viazi, Isyonje,
saa moja jioni, ukungu umeshuka hadi kizingitini.
Hakukuwa na barua wala kiapo.
Ambilikile alichukua simu yangu, akabonyeza mara mbili,
akanirudishia ina joto la kiganja chake.
"Sasa unaweza kufuta neno la yeyote kundini.
Unaweza kumtoa mtu nje.
Malipo hakuna, hata vocha.
Na usiseme ni wewe.
Wakikujua watakufuata mlangoni."

Nikaitika. Nani hapendi
kuambiwa anaaminika?

Wiki za mwanzo nilifagia tu:
mbolea ya miujiza, upatu wa kuzaa mara tatu kwa siku saba,
picha ambazo sitazitaja, mwanangu anasoma haya.
Nilifuta usiku, miguu karibu na jiko la mkaa,
na asubuhi wakulima mia tatu wa mteremko ule
waliamka wakakuta kundi safi,
wakadhani usafi huja wenyewe, kama umande.

Kisha Subilaga akaandika.
Saa nne usiku, herufi kubwa tupu:
MIZANI YA MWANDEMELE INA JIWE.
GUNIA LANGU LA MIA LIMESOMA SABINI NA NANE.

Kanuni ya nne: usimtaje mtu bila ushahidi.
Niliitunga mwenyewe kanuni ya nne.
Nikagusa. Likabaki kovu la kijivu:
Ujumbe huu umefutwa.

Umefutwa.
Tazama Kiswahili kinavyojua kumsitiri mtu:
kitendo kipo, mtendaji hayupo,
kana kwamba maneno yalinyauka kwa baridi.

Kesho yake tulipanga foleni moja ya kupakia, yeye na mimi,
matope hadi vifundoni,
lumbesa zimeshonewa vilemba vya majani.
Alinimegea kiazi cha kuchoma.
"Ni mwalimu Kajange," akasema. "Namjua.
Vidole vya chaki vile, vimezoea kufuta."
Nikameza. Machozi yakanilenga,
nikakisingizia kiazi.

Mwezi mzima mwalimu alisalimiwa nusu.
Mbuzi wake walirudi nyumbani wanachechemea.
Hakuambiwa kosa.

Nilikuwa nimedhani nikijificha,
mahali pangu patabaki patupu.
Hapabaki. Watu huweka sura pale,
na sura lazima iwe ya mtu.

Nilimwendea Ambilikile. Nikamwambia:
kijana wa kupima ana namba mgongoni,
ukipunjwa unajua wa kumlaumu.
Refa wa mechi za shule naye halipwi,
lakini anavaa nyeusi, anapuliza filimbi mchana kweupe,
anatukanwa, anaendelea.
Akacheka, akafunga kitabu cha hesabu.
"Refa akimaliza anapanda gari anarudi kwao.
Wewe kwenu ni hapa."

Hilo lilinikalia siku nne.
Sikuwa na jibu lake. Sina mpaka leo.

Jumapili, baada ya ibada, nikapanda kwenye mti wa simu,
maana kule nyumbani mtandao huja na kuondoka,
nikaandika bila kupamba:
Ujumbe wa Subilaga niliufuta mimi,
Anyisile, mama Lusekelo, bati la kijani juu ya shule.
Mwalimu Kajange hana habari.
Nikizifuta tena, nitaweka jina langu chini.
Tiki moja. Nikangoja. Upepo.
Tiki ya pili ilinikuta nateremka.

Na kweli, walikuja mlangoni.
Alikuja mmoja.
Subilaga, kitenge kichwani, alfajiri, hajapiga hodi.
Amesimama tu kwenye matope, mikono ndani ya koti la marehemu mumewe.
"Nirudishie," akasema.
Nikamwambia haurudi. Ukifutwa umekwenda.
"Basi nautaja upya. Andika."

Nilitafuta karatasi, nikapata risiti ya mbolea.
Penseli ya Lusekelo, imetafunwa nyuma.
Akaanza tangu siku ya kuvuna,
gunia la kwanza, la pili,
na mimi niliandika kila neno,
hata yale ambayo kanuni ya nne inayakataza,
chai ikipoa, mlango uko wazi.